Bi Fafanua na Kiti Changu cha Asubuhi

Kama hujawahi kuishi na mtu asiyekubali jibu la "si unajua tu", njoo ukae kwetu wiki moja. Mke wa mwanangu ndiye huyo. Kazini walimbandika jina la Bi Fafanua, jina likamfuata hadi nyumbani, hadi mumewe akalishika, hadi mimi mama mkwe wake nikitaka chumvi mezani nasema, "Bi Fafanua, hebu nisogezee chumvi." Naye anasogeza, lakini kwanza atauliza ni ya kutia kwenye nini, maana anajua daktari amenikataza.

Kazi yake nilichelewa kuielewa. Si kwa ujinga, kazi yenyewe ina mambo. Kampuni yao inatengeneza programu za hospitali, na siku hizi ndani ya programu hizo wameingiza wakala wa akili bandia, yaani karani asiye na mwili. Unamwandikia shida yako kwa simu, yeye anaishughulikia. Lakini wakala hana mikono, kwa hiyo anapewa zana. Iko zana ya kutafuta nafasi, iko ya kuweka miadi, iko ya kuifuta, iko ya kutuma ujumbe. Kila zana ina maelezo yake, mistari kadhaa ya kumwambia wakala hiki ni kitu gani na kinatumikaje. Ndani ya zana haoni. Anaona maelezo tu, na kwa maelezo hayo anaamua ashike ipi na aifanyie nini. Basi anayeyaandika ni mkwe wangu.

Niliposikia mara ya kwanza nilicheka. "Yaani unalipwa kuandika kwamba kijiko ni cha kukorogea?"

"Kukorogea nini, Mama?" akasema. "Uji wa mtoto au rangi ya ukutani? Kikidondoka chini kinaoshwa au kinatupwa?"

Nikajuta kuuliza.

Mimi mwenyewe, nisiwafiche, ni mtu wa nanihii. Nimeuza vitambaa maisha yangu yote, na dukani kwangu lugha ilikuwa "shusha kile cha juu, siyo hicho, kile kule", na kilichoshushwa kilikuwa kilekile. Siku za mwanzo za ndoa yao nilimwambia huyu binti, "Niletee kile kidude kiko kwenye nanihii." Akaniletea sinia. Ndani yake ameweka mkasi, miwani, chaja ya simu, kopo la dawa na funguo za stoo. "Chagua, Mama," akasema, hata tabasamu hana. Nilijiandaa kumfokea, kicheko kikaniwahi. Nilikuwa nataka mkasi.

Sasa nije kwenye kiti. Figo zangu zimegoma. Mara tatu kwa wiki nakwenda kituo cha kusafishia damu, nakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, nachomwa sindano mbili mkononi, na mashine inafanya kazi ambayo figo zimeikataa. Viti ni vichache na wagonjwa tumejaa tele. Mtu akifuta miadi yake, papo hapo programu inamtumia ujumbe anayefuata kati ya wanaosubiri, naye anakuja mbio. Utamwambia nini? Arudi? Yeye pia anataka kuishi. Na ukiikosa siku yako, maji yanajaa mwilini, miguu inakuwa kama magogo, ukilala unahisi kuna mtu amekukalia kifuani. Niliwahi kuikosa mara moja, barabara zilipofungwa na mafuriko, na sitaki kuikosa tena. Ukiniuliza nina mali gani duniani, sikutajii nyumba. Nakutajia kiti cha asubuhi, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Na kituo hichohicho ndicho kampuni yao ilipewa kazi ya kukiwekea wakala.

Mkwe wangu alikuwa na desturi yake. Akishaandika maelezo ya zana, ananisomea mimi. Anakaa kwenye meza ya jikoni, mimi nachambua mboga, anasoma polepole, halafu ananiuliza, "Sasa wewe ungefanya nini?" Nikijibu kitu ambacho hakukiandika, anakipigia mstari. Nikijibu sijui, anafurahi kupita kiasi. Neno "kwa kawaida" alikuwa analiwinda kama panya wa jikoni.

"Kwa kawaida ni neno la mtu aliyekwisha kuzoea," aliniambia. "Wakala hajazoea chochote. Kila anapoitwa ni siku yake ya kwanza kazini. Ya jana hayakumbuki."

"Maskini," nikasema. "Na kusoma amesoma?"

"Amesoma vitabu vyote vya dunia, Mama. Ila hajawahi kufika kituoni kwenu."

Siku moja alinipeleka kituoni mwenyewe, na badala ya kunishusha akaenda zake, alivuta kiti akakaa nyuma ya kaunta pamoja na karani wa mapokezi. Mimi nilikuwa kwenye benchi nikisubiri kupimwa uzito, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho yangu. Akaja mzee mmoja anaomba ahamishwe kutoka asubuhi kwenda mchana. Karani akapiga simu ndani, akauliza kama mchana kuna nafasi, akamwandikisha mzee mchana, ndipo akafuta ya asubuhi.

"Mbona hukuanza na kufuta?" mkwe wangu akauliza.

Karani akamtolea macho. "Nianze na kufuta? Na mchana pakiwa pamejaa? Nimuue baba wa watu?"

"Imeandikwa wapi kwamba usianze na kufuta?"

"Haijaandikwa popote. Si tunajua tu?"

Ebo! Ungeuona uso wake. Alinyanyuka hapo hata kuniaga hakuniaga, akarudi ofisini. Kule wana nakala ya programu ya kufanyia majaribio, wagonjwa wa uongo, viti vya uongo. Akamwambia wakala amhamishe mgonjwa mmoja wa uongo kutoka asubuhi kwenda mchana. Maelezo ya zana ya kufuta, yaliyoandikwa na mafundi wa programu kabla yake, yalikuwa na mstari mmoja: "Zana hii hufuta miadi ya mgonjwa." Wakala, mtu nadhifu, akaanza kwa kusafisha njia. Akafuta asubuhi. Akatafuta mchana. Mchana pamejaa. Akageuka nyuma, asubuhi ameshapewa mwingine. Basi akamwandikia mgonjwa kumwomba radhi, kwa adabu zote. Jamani, radhi! Mtu hana pa kusafishwa damu, anaombwa radhi!

Mafundi wenyewe walipoitwa kuona walishika vichwa. Si kwamba walikuwa hawajui. Walijua wote, tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa wote walijua hakuna aliyeona haja ya kuliandika. Mkwe wangu anasema ndivyo ilivyo kila mahali alipofanya kazi: jambo likishajulikana na wote, hakuna wa kulisema, na anayekuja mgeni analipata kwa kuumia. Hakuwagombeza. Mimi ningewapa vidonge vyao, kila mtu na chake.

Jumapili akanisomea maelezo mapya, mimi na mboga zangu. Nimeyashika mpaka leo:

"Zana hii hufuta miadi ya mgonjwa na kukiachia kiti chake papo hapo. Kiti kilichoachiwa hupewa mtu anayesubiri, na hakirudi. Usiitumie kumhamisha mgonjwa kabla hujamwekea miadi mipya na kupata jibu kwamba imewekwa. Nafasi mpya ikikosekana, usifute chochote. Mwambie mgonjwa kwamba kiti chake hakijaguswa, umuulize anataka nini."

"Hata mimi nimeelewa," nikasema.

"Ungefanya nini?"

"Ningetafuta kwanza."

"Na ukitafuta usipate jibu lolote? Kimya?"

Nikafikiri. "Ningejua hakuna nafasi."

Akapiga kofi la furaha, kisha akashika kalamu. Kimya, kumbe, kinaweza kuwa hakuna nafasi, na kinaweza pia kuwa mtandao umekatika na hakuna aliyetazama. Ikabidi aende akayaandike upya maelezo ya zana ya kutafuta pia, aeleze kila jibu lake lina maana gani. Alikuwa hivyo. Unampa ncha ya uzi, anafumua shati zima.

Jumatatu jioni mkuu wa mradi akampigia simu. Mkwe wangu alikuwa anakata vitunguu, mikono imelowa, akaweka spika. Nami sikujiziba masikio.

"Wakala anaanza kazi Jumatano," mkuu akasema. "Na mgonjwa wa kweli."

"Nipe wiki moja. Kuna zana sijazigusa bado."

"Wiki utapata kwa hizo nyingine. Hii ya kufuta umeimaliza, tunaanza nayo. Na wakala ana akili, dada. Ataelewa."

"Akili anayo. Ataitumia kufanya tulichokiandika, tena atakuwa amemaliza wewe hujainua hata kikombe chako cha chai."

Mkuu akacheka kidogo. Si mtu mbaya yule, alikuwa naye anasukumwa na wakubwa wake. Akashusha sauti. "Najua mama mkwe wako anatibiwa pale. Usiwe na wasiwasi, yeye tutamtoa. Ataendelea kuhudumiwa na karani kama zamani."

Sitawadanganya, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilishaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisu kikasimama juu ya kitunguu.

"Hapana," mkwe wangu akasema. "Aanze yeye."

Salaale! Nilishika ukingo wa meza. Akakata simu, akanawa mikono, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, nimesema kabla sijakuuliza, na hapo nimekosea. Ukikataa nampigia sasa hivi."

"Panya wa maabara wameisha, mwanangu? Umebaki na mimi?"

"Nikikutoa wewe," akasema, "maana yake siamini nilichokiandika. Na kama sikiamini, kwa nini nimpe mama wa mtu mwingine?"

Nilimtazama. Macho yalikuwa mekundu, na si vitunguu peke yake. Mwanangu, ambaye kazi yake inamweka safarini, alipopata habari alipiga simu akiwaka moto: Mama usikubali, Mama huyu mwanamke amerukwa na akili. Nikamwambia atulie, kiti si chake. Ila baada ya kukata simu nilikuwa naogopa kweli. Niliyakumbuka yale maji kifuani. Niliogopa, na nikakubali, na sijui hadi leo kama ni kwa sababu ya maneno yake au kwa sababu sijawahi kumwona akisema jambo asilolipima.

Sababu ya kuhamishwa ilikuwepo, tena ya kweli. Alhamisi asubuhi nilikuwa nimepangiwa kuonana na daktari wa macho, na nilikuwa nataka kiti changu kisogezwe mchana. Nikaweka sharti moja: ujumbe nauandika mwenyewe, kwa mdomo wangu huuhuu.

"Hicho ndicho ninachokitaka," akasema.

Jumatano tukakutana kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, mimi, yeye, mkuu wa mradi na karani. Karani alininong'oneza mlangoni, "Bibi, Alhamisi mchana pamejaa pomoni." Hapo nikajua. Jibu sahihi lilikuwa moja tu, nalo ni kuniacha nilipo. Wakala akishika kufuta kabla ya yote, kesho sina kiti, na mwenye kukichukua ameshapata ujumbe yuko njiani. Nilimtazama mkwe wangu. Naye alikuwa amemsikia karani. Alinisogezea simu yangu.

Nikaandika: "Alhamisi asubuhi nina macho, nisogezeeni kile kiti changu cha nanihii pale dirishani kiwe mchana." Nikatuma.

Kwenye kompyuta unaona wakala ameshika zana gani. Kwanza akashika ya kumtambua mgonjwa. Akanijua. Kisha ya kutafuta nafasi. Ikarudi na jibu: zimejaa zote. Kisha ukaja mstari unasema, natazama maelezo ya zana ya kufuta miadi.

Karani akaziba mdomo. Mkuu alisimama. Mimi nilikuwa naisikia damu yangu, hiyohiyo chafu, ikigonga masikioni. Nikasema kimoyomoyo, haya, mtoto wa watu, soma vizuri, usiruke mstari.

Simu yangu ikalia.

"Mama, Alhamisi mchana viti vyote vimejaa. Kiti chako cha asubuhi sijakigusa, bado ni chako. Nikutafutie mchana wa siku nyingine, au nimwombe karani azungumze nawe?"

Karani alinikumbatia hadi miwani ikanidondoka. Mkuu wa mradi akapangusa uso kwa leso, akasema wiki ile ya nyongeza sasa ni mbili, na hakuna zana itakayoanza kazi kabla mkwe wangu hajaipitia. Alisema mbele yetu sote, na alitimiza. Nilipogeuka nimtafute mwenyewe, hayupo.

Nilimkuta kwenye ngazi za nyuma, amekaa na chupa ya maji mkononi, ameshindwa hata kuifungua.

"Kumbe uliogopa?"

"Tangu Jumatatu sijala."

"Na ulisema unakiamini."

"Nakiamini, Mama. Na naogopa. Vyote viwili."

Nikajishusha pale ngazini kando yake, na magoti yangu haya mabovu, nikamfungulia chupa. Nampenda huyu binti. Nasema waziwazi, maana mama wakwe tuna sifa mbaya na watu hudhani tukisifu kuna jambo. Hakuna jambo. Nampenda kwa sababu anamfikiria mtu ambaye hatamwona kamwe, anayeandika ujumbe akiwa na homa, au akiwa na haraka, au kwa lugha ya hovyo kama yangu, naye anakaa meza ya jikoni kumwandalia njia asije akaanguka. Kazi ikienda sawa hakuna anayejua kwamba ilikuwepo. Baadaye wagonjwa kituoni walikuwa wanasema, "Mashine hii ina utu." Nilikuwa nakereka hadi presha inapanda, nesi ananikemea.

Daktari wa macho nilimwona wiki nyingine.

Miezi ikapita, zana zote zikawa zimeandikwa, wakala akawa anatuhudumia sisi sote. Jumamosi moja kwenye kiti cha jirani walimweka mwanamume wa makamo ambaye tulikuwa tunaonana tu kwa mbali, mtu mpole, fundi wa viatu. Tulipokwisha kuchomwa sindano akaanza kunisimulia. Alhamisi iliyopita alikuwa na msiba, alitaka asogezewe siku. Kule alikokuwa anataka palikuwa pamejaa. Wakala akamjibu kwamba kiti chake hakijaguswa, akamuuliza anataka nini. Alikasirika, akasema mashine gani hii haina msaada, akaja kukaa kwenye kiti chake kwa shingo upande, msiba akauacha kwa nduguze.

"Wakanipima kabla ya kuanza," akasema. "Daktari akaja mwenyewe akikimbia. Akaniambia damu ilivyokuwa imechafuka, moyo ulikuwa karibu kusimama. Ningekosa siku ile, dada yangu, wangeunganisha misiba miwili."

Mashine zetu zilikuwa zinazunguka, damu yake huku, yangu huku.

"Unajua kwa nini kiti chako hakikuguswa?" nikamuuliza.

"Si ndivyo mashine ilivyotengenezwa?"

"Haikutengenezwa hivyo. Ilikuwa inafuta kwanza." Nikamweleza yote, tangu kaunta ya mapokezi hadi ngazi za nyuma. Alinisikiliza bila kukatiza. Nilipomaliza akafumba macho, nikadhani amelala.

"Huyo mkwe wako," akasema, "unamwona leo?"

"Naishi naye."

"Basi mwambie niko hai."

Nilifika nyumbani nikamkuta kwenye meza ya jikoni na kompyuta yake, anaandika maelezo ya zana nyingine, ya hospitali nyingine ambayo mimi siijui. Sikuvua hata viatu.

"Nimetumwa kwako," nikamwambia. "Na fundi wa viatu. Anasema nikwambie yuko hai."

"Kivipi yuko hai?" akauliza. "Fafanua."

Nikavuta kiti nikamfafanulia, neno kwa neno, bila nanihii hata moja. Vidole vyake vilibaki juu ya herufi. Akasema, "Ngoja nimalizie sentensi hii, Mama," lakini hakuandika kitu. Alikaa pale akilia, nami nikamwacha alie.